Nyumba ya Pweza Isiyo na Picha

Mliniuliza kwenye grupu, na wengine mkanifuata faragha: Eliza, siku kumi na tatu Mtwara, mbona picha zilikatika katikati? Mtu aliyekuwa akituma picha ya kila kikombe cha chai anarudi kutoka kusini kimya, lazima kuna jambo. Nimeamua kuandika, kwa sababu nikisimulia kwa mdomo mwenzetu Furaha hunikatiza kila nikifika penye utamu. Basi kaeni. Mambo ya tiketi na vibali nayaruka, hayana ladha.

Kwa msiojua kilichonipeleka: mimi huchora kanga. Tajiri wangu ana duka la jumla Kariakoo, nami nimemchorea miaka saba. Kila asubuhi, kabla sijanawa uso, nilikuwa nafungua simu na kupekua kazi za wachoraji wa dunia nzima: vitambaa, vigae, mapazia, hata keki za harusi. Ninachokipenda nakihifadhi. Sioni aibu kusema kwamba simu ndiyo iliyonifundisha kazi. Chuo sikusoma, na kule Same nilikozaliwa hakuna aliyewahi kuniambia kuwa kuchora ni kazi ya mtu mzima. Ila mwaka huu nilichora pindo la majani yaliyosokotana, nikaliona zuri, tajiri akalipenda, sampuli zikatoka. Wiki hiyohiyo dada mmoja wa Mombasa akabandika mtandaoni kazi yake na yangu bega kwa bega. Ilikuwa kazi yake. Niliitazama miezi mingi nyuma, nikaisahau, lakini mkono haukusahau. Naapa sikujua. Nani ataamini?

Nilimwandikia kumwomba radhi, naye akanijibu kwa heshima kuliko nilivyostahili. Tajiri alifuta mzigo mzima, akasema nimletee mchoro mmoja ambao haujapata kuonekana popote. Nisipouleta mwezi huohuo, atachorewa na kompyuta. Hilo la kompyuta liliniuma kidogo tu. Lililoninyima raha ni swali langu mwenyewe: mtu akininyang'anya simu, ndani yangu kuna kitu?

Dar hadi Lindi: basi lilipochoka

Kutoka Mbagala mpaka Kibiti niliangalia simu. Kutoka Kibiti mpaka Somanga niliangalia simu. Nilikuwa natafuta picha za Mtwara, ili nikifika nijue cha kutazama. Mcheke tu, hata mimi nacheka sasa.

Mbele ya Nangurukuru basi likatoa mvuke, likakaa kando. Fundi akatuambia ni mpira wa maji tu, nusu saa. Tulikaa saa nne. Mtandao ukapotea, kisha chaji ikaisha, nikabaki na mama mmoja wa Newala tuliyekaa naye kiti kimoja tangu alfajiri bila kusemeshana. Akina mama wa kijiji cha jirani wakatokea na mabeseni ya ming'oko iliyochemshwa, mizizi myembamba kama vidole. Nikanunua fungu, nikaanza kutafuna.

"Wee dada," yule mama akasema, "unakula na koti lake?"

Akaninyang'anya mmoja, akaumenya kwa kucha mara moja tu, akanirudishia. Uchumvi kidogo, utamu kidogo, na unga laini katikati. Nilikula fungu zima nikarudi kununua la pili. Tukawa marafiki.

Basi lilipopona, akaanza kunisimulia mashamba. Mikorosho ilikuwa imeanza kuangusha, na pande zote mimi niliona miti, miti, miti. Yeye aliona watu. "Huyu ana vijana wenye nguvu, tazama chini palivyofagiwa. Huyu hapa anaumwa. Huyu amegombana na ndugu zake, wamegawana shamba, nusu limelimwa nusu pori." Nikamuuliza kama anawajua. Akashangaa: "Nitawajulia wapi? Si nasoma?" Nilimwonea wivu mama yule. Miaka saba najiita mtu wa macho.

Chuno: kwa Mwalimu Skola

Skolastika wengi mnamkumbuka, Mngoni wetu wa Songea aliyekuwa akilala kwenye vipindi vya jiografia. Sasa anafundisha jiografia. Amepanga nyumba Chuno, Mtwara mjini, vyumba viwili na kijiuwanja ambapo amepanda kisamvu mpaka mlangoni. Alinipikia hicho kisamvu kwa nazi na korosho za kutwanga, nikajaza sahani mara mbili.

Nikamweleza shida yangu, kwamba nataka kukaa na maumbile mpaka nipate mchoro. Nikamwonyesha orodha niliyoitoa mtandaoni ya njia za kupata utulivu wa ubunifu.

"Eliza," akasema, "wewe unatafuta maumbile kama mtu anayetafuta soketi. Unataka uchomeke, ujae, uondoke."

Ilikuwa kweli. Akapiga simu Msimbati, kijiji cha pwani, kwa Bi Somoe, mama wa mwanafunzi wake wa zamani, anayeokota pweza miambani na kusuka mikeka maji yakiwa hayafai. Bi Somoe akasema mgeni aje.

Kilambo, nilikopelekwa na furushi

Asubuhi ya tatu nilibeba furushi la kanga kumi za zawadi, nimelifunga kwa kanga ya kumi na moja, ileile ya aibu, kwa kuwa sikuwa na matumizi mengine nayo. Stendi dereva wa Noah ya abiria akaliona furushi, akalipokea, akalitia nyuma. "Panda, mama kanga, tulikuwa tunakusubiri wewe tu." Hakuniuliza ninakwenda wapi. Mtwara, mwanamke mwenye furushi la kanga asubuhi anakwenda mahali pamoja, kuvuka na kuuza ng'ambo. Mimi nami sikumuuliza. Nilivaa spika za masikio, nikaangalia video ya kutuliza akili.

Nilipoinua kichwa tulikuwa Kilambo. Ruvuma upo mbele yangu, mpana, wa kahawia, na upande wa pili ni Msumbiji. Akina mama wameketi juu ya mafurushi yao wakingoja kuvuka, wote wanautazama mto kwa makini. Nikadhani wanafurahia mandhari. Nikaketi nami nikafurahia, nikiwa na hasira ya kupotea, mpaka mmoja aliponinong'oneza kuwa wanawahesabu viboko. Waliona wanne, walikuwa wanamtafuta wa tano, na hakuna anayepanda chombo kabla hajaonekana. Niliangalia maji dakika nyingi sikuona kitu. "Yule," akasema, akionyesha mahali palipokuwa na maji matupu. Baada ya pumzi chache, masikio mawili yakatokea hapohapo.

Ndipo akaliona furushi langu, akalishika pindo.

"Hii si ile waliyoisema kwenye simu? Kuna dada wa Mombasa kaibiwa."

"Ndiyo yenyewe."

"We umeipata wapi?"

Ningeweza kusema nimenunua. Lakini nilikuwa nimechoka. "Niliichora mimi."

Akaitazama tena, akanitazama mimi. Hakucheka. "Rangi unaijua kuipanga," akasema. "Chora nyingine, dada." Akanimegea muhogo wake wa kuchoma, kisha akaitwa chomboni. Niliwatazama wakivuka mpaka wakawa wadogo. Sijui jina lake, na mara nyingi namkumbuka.

Dereva alipojua nilikokuwa nakwenda alijishika kichwa. Aliona kosa ni lake nusu na langu nusu, kwa hiyo kesho yake akanipeleka Msimbati yeye mwenyewe, na njia nzima, mpaka tumepita mitambo ya gesi Madimba, alikuwa akiniuliza, "Una uhakika ni huku, mama kanga?"

Msimbati: maji mafu

Bi Somoe ni mwembamba, mtu wa miaka hamsini na kitu, ana sauti nzito na macho yanayocheka kabla ya mdomo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akapokea kanga zake kwa mikono miwili, akazisoma majina yote kumi kwa sauti huku akitoa hukumu: hii ya kumpa wifi, hii ya kuvaa siku ya ugomvi. Nikamwambia niko tayari, twende miambani.

"Kwenda wapi? Maji mafu haya."

Mimi ni Mpare wa milimani. Maji kwetu hushuka tu. Nilidhani bahari hukupwa kila siku sawasawa. Akanieleza kwa uvumilivu kwamba kuna siku maji hayajai vizuri wala hayatoki vizuri, na kuna siku za bamvua, mwezi ukiwa mpya au mpevu, bahari inapojiondoa kabisa na kuacha miamba wazi. Bamvua ilikuwa siku tatu mbele.

Siku hizo tatu nilipiga picha. Nilipiga mchanga, mikoko, nyayo za kaa, nyavu za dagaa, mikono ya Bi Somoe ikisuka. Kila jioni nilizibandika, na kila baada ya dakika mbili nilichungulia nani amependa. Jioni ya tatu nikafungua daftari langu la michoro. Lilikuwa jeupe. Nilikuwa nimeona kila kitu kupitia kidirisha kidogo na nimekigawa kabla hakijakaa ndani yangu. Niliogopa, nasema kweli, niliogopa sana.

Bamvua ya kwanza

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," akasema Bi Somoe asubuhi. "Wewe umepitiliza." Akanipa fimbo yenye chuma mbele na ndoo.

Jamani, bahari ilikuwa imeondoka! Mahali palipokuwa na maji jana sasa ni uwanja usio na mwisho, majani ya bahari yamelala upande mmoja, vidimbwi vinameremeta, jongoo bahari wamelala kama wamesahauliwa. Wanawake walitawanyika kila mmoja na njia yake, wakisemezana kwa mbali. Sijapata kuona kazi nzuri namna ile. Hawakuwa wanatafuta huku na huku; kila mmoja alikuwa anatembelea.

Pweza hukaa kwenye tundu la mwamba, na wao tundu huliita nyumba. Akitolewa mmoja, baada ya siku kadhaa huhamia mwingine. Kwa hiyo nyumba moja hulisha mtu miaka, mradi usivunje mlango. Na kila nyumba ina mwenyewe. Aliyeigundua ni yake, atamwonyesha bintiye, na bintiye atamwonyesha wake. Ukipita ukaona pweza katika nyumba ya mwenzio, humgusi. Unampigia kelele mwenyewe aje. Niliwasikia wakiitana hivyo asubuhi nzima: "Mwajuma wee! Una mgeni!"

Bi Somoe alinionyesha nyumba yake kubwa, karibu na jiwe lenye umbo la kinu, mbele ya mkoko mmoja uliosimama peke yake. "Hii aliniachia mama," akasema. Akampapasa pweza taratibu kwa fimbo mpaka akatoka, bila kubandua hata kokoto.

Nikarekodi yote. Jiwe, mkoko, mlango, sauti yake. Mchana nikabandika, nikaandika na jina la kijiji. Watu waliipenda kuliko chochote nilichowahi kubandika, na ninyi ni mashahidi, mlituma mioyo.

Kesho yake asubuhi Bi Somoe alitembea mbele yangu. Tulipofika, mlango ulikuwa umevunjwa kwa nondo. Mwamba umepasuliwa, vipande vimetawanyika, tundu liko wazi. Mwajuma akaja akasema boti ya injini kutoka ng'ambo ya ghuba ilitangulia, watu wawili wasiojulikana, wakaenda moja kwa moja kwenye kinu.

Nikaanza kusema sielewi wamejuaje. Bi Somoe akanikatiza.

"Mpwa wangu alinipigia alfajiri toka mjini. Kaniambia, mama mdogo, nyumba ya bibi iko kwenye simu."

Alijua, na bado alitembea na mimi mwendo wote ule. Hakunigombeza. Alipiga magoti ndani ya maji, akaanza kuokota vipande na kuvipachika kimoja kimoja, akijaribu kipi kilikaa wapi. Nikapiga magoti nami, nikilia kama mtoto, naye akaniachia nilie na akanionyesha kwa kidevu vipande vya kumpa. Niliwahi kuchukua cha mtu bila kujua, na sasa nimegawa cha mtu bila kujua. Tulifanya kazi hiyo mpaka maji yakatufika kiunoni.

Jioni, mbele yake, niliifuta video. Yeye hakuwa na haja nayo. Nikamwambia kesho nitaondoka.

"Utaondoka na nini?" akauliza. "Daftari lako jeupe, nimelichungulia. Bamvua imebakiza siku tatu. Nenda peke yako ukatafute nyumba isiyo ya mtu. Simu iache hapa kwenye kabati. Ukipata yako ndiyo utajua nimekwambia nini."

Siku tatu bila kabati kufunguliwa

Siku ya kwanza mkono wangu ulikwenda kiunoni kila nilipoona kitu kizuri, ukakuta kanga tu. Niliona matundu mengi, nikaita kwa furaha, na kila mara mtu akaitikia kutoka mbali: "La kwangu hilo, mama kanga!" Dereva alikuwa amelisambaza jina.

Siku ya pili niliacha kutafuta matundu. Mwajuma alinipa neno moja tu: "Tazama kizingiti." Nikaanza kutazama kilichotupwa. Pweza ni mlaji asiyefagia. Magamba ya kaa aliowala huyalundika nje, na mawe huyavuta yakawa ukuta mbele ya mlango. Nikaanza kutofautisha gamba jipya na la zamani, jiwe lililoletwa na mawimbi na jiwe lililowekwa na mwenye nyumba. Nilimkumbuka yule mama wa Newala na mikorosho yake. Ilikuwa kusoma, kweli, na nilikuwa nimeshika herufi mbili tatu.

Siku ya tatu maji yalianza kurudi, wenzangu wameshageuka, nami nikasema basi, nimekosa. Nilikuwa nakung'uta ndoo nilipoona gando la kaa, jekundu bichi, juu ya mchanga mweupe. Kando yake gamba. Kando yake kome wanne waliofunguliwa, wameelekea ndani, na kauri moja, na mawe madogo yamepangwa nusu duara. Katikati giza. Nikainama mpaka shavu likagusa maji. Ndani ya giza kulikuwa na jicho. Tuliangaliana. Kisha mkono mmoja ukatoka polepole, ukashika jiwe, ukalivuta mlangoni.

Fimbo sikuinyanyua. Nilikaa pale nikimtazama mpaka maji yakanifukuza, na moyo ulikuwa umejaa mpaka unauma. Nilirudi natembea taratibu, naogopa kumwaga.

Nilichora mchana ule kwa mkao mmoja. Mji wa kanga, ile sehemu ya katikati, ni giza lenye mawe nusu duara, na pindo lote ni magamba, magando, kome na kauri, kama vilivyotupwa, hakuna viwili vinavyolingana. Bi Somoe alikuwa anasuka kando yangu.

"Umepata?"

"Nimepata."

"Wapi?"

Nikafungua mdomo nimweleze. Mwenyeji wangu, niliyemkosea, aliyenisamehe, nitamficha? Lakini nikaliona tena lile jicho gizani. Nikafunga mdomo. Nikamtazama kwa wasiwasi.

Bi Somoe akaangua kicheko mpaka ukili wa mkeka ukamponyoka. "Haya! Sasa unajua."

Kurudi, na baada ya kurudi

Njia ya kurudi basi halikuharibika, kwa hiyo haina masimulizi. Tajiri aliuchukua mchoro, akaupiga picha, akaupekua kwenye simu mchana kutwa akitafuta mwenzake. Hakumpata. Kwenye jina niliandika MLANGO WANGU NAUJUA MWENYEWE. Akauliza maana yake nini. Nikamwambia wanawake wataelewa.

Simu sijaitupa, msije mkanitania. Asubuhi bado naifungua, bado nawapenda wachoraji wa dunia nzima, na yule dada wa Mombasa sasa namfuata na kumsifia kwa jina lake. Ila nanawa uso kwanza.

Doti ya kwanza iliyotoka nilimtumia Bi Somoe kwa mkono wa yule dereva wa Noah. Wiki iliyopita Bi Somoe akaniletea ujumbe wa sauti. Anasema aliivaa kwenye arusi, wanawake wakamzunguka, nusura wamvue, wakaikagua mlango na mawe. Mwajuma akadai ni ya kwake, ya kule mkondoni. Mwingine akasema hapana, ni ya marehemu shangazi yake. Wakagombana mpaka ngoma ikasimama. Asubuhi ya bamvua wakatoka nayo miambani, kundi zima, wakailinganisha nyumba kwa nyumba.

"Tumezipitia zote, mwanangu," anasema, na nyuma yake nasikia upepo. "Si ya mtu hapa. Yako hiyo. Na ile ya mama imepata mpangaji juzi, kajijengea na mawe yetu yaleyale."

Nimeusikiliza ujumbe huo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri. Basi hiyo ndiyo habari. Mlioomba picha, kanga ziko dukani. Nawe uliyeomba nikuelekeze nyumba iko upande gani wa lile jiwe la kwenye video, naomba uniwie radhi.